Miaka Mitatu ku Mashini ya Mitumbwi, Nchelenge

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Kuna watakaowaambia kwamba nilifukuzwa, na wao pia hawadanganyi. Lakini mutu aliyefanya kazi miaka mitatu katika chumba chenye dirisha moja, na dirisha lenyewe linatazama tanuri za kukaushia samaki, ana haki ya kujichagulia neno, na mimi nimechoka vya kutosha kuchagua hilo.

Ninawaandikia ninyi wawili wa Gredi ya Tisa mutakaokaa kwenye kile kiti cha mashini. Kwetu nyumbani tunasema Kibemba, shuleni Kingereza na fimbo, lakini kazi hii nilifundishwa kwa Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, na mpaka leo mashini ikikosea ninaitukana kwa Kiswahili hicho. Kwa hiyo mutavumilia.

Sikuomba kazi. Nilikuwa nimesogeza mishale ya saa ya shule ili kengele ya kwenda nyumbani ilie mapema, na mwalimu mukubwa, ambaye alifika nyumbani kwake mapema akafurahi kabla ya kukasirika, alinituma kufagia ofisi ya wavuvi wiki mbili. Nilipofungua mulango nikaona miguu ya mutu chini ya meza. Mwenye miguu alikuwa ameshika waya kwa meno.

“Weye njo nani?” akauliza.

“Azabu, Papa.”

“Azabu ya nani?”

“Yangu.”

“Bon. Shika apa.”

Huyo ndiye Papa Ngoy, fundi. Nilishika waya mpaka jioni, na ufagio haukuguswa siku hiyo wala siku zilizofuata. Wiki mbili zilipoisha hakuna aliyenikumbuka, nami sikumukumbusha mutu.

Munahitaji kujua mashini ile inafanya nini, maana watu wa nje wanafikiri ni ya kuchezea. Kila mutumbwi na kila boti inayotoka Nchelenge kwenda kisiwani Kilwa, au Mununga, au ng'ambo, inaandikwa: jina lake, watu wangapi ndani, inategemewa kurudi lini. Ikirudi, jina linaandikwa tena ili lifutwe. Upepo ukiamka na jina bado limo, tunajua wa kutafutwa ni nani. Ni hilo tu. Kuna ekra mbili, yaani vioo vya kusomea: moja ofisini, pa meza ya Ba Mulenga, mama karani wetu, nyingine ku bandari, ndani ya kibanda cha mabati. Kati yao kuna waya unaopita juu ya paa la tanuri, na ndiyo sababu waya huo unanuka chisense, dagaa wetu. Musiulambe kwa kushindana. Nimeshafanya kwa niaba yenu.

Programu ya kuandika mitumbwi iliandikwa zamani na mutu aliyekwisha kuondoka, kwa mashini ndogo za zamani zenye kufanya kintu kimoja tu kwa wakati. Hakuna aliyebaki na maandishi yake ya ndani. Mashini tuliyo nayo ni kubwa, ina vichwa viwili vya kufikiri. Muzungu mmoja aliyekuwa akichunguza samaki aliiacha alipochoka na mbu. Papa Ngoy aliiwekea mufumo mupya ambao mutu anaweza kuusoma wote mustari kwa mustari, halafu ndani yake akajenga mashini mbili za kujifanya, moja kwa kila ekra. Ile programu ya zamani inakaa ndani ya mashini ya kujifanya na haijui. Inafikiri iko peke yake duniani. Ikitaka kugusa chuma, ekra au diski, kiini cha mufumo kinaukamata mukono wake, kinafanya kazi chenyewe, kinamurudishia jibu kama vile ni yeye aliyegusa. Papa Ngoy aliita kiini nwayo, vitabu vinasema kerneli. Mimi nilikiita mama mukwe, kwa sababu hakuna kinachopita nyumbani bila yeye kuona.

Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa uvivu, yaani uvivu wa mashini. Ekra ya bandari ikitumika, ya ofisini ilitambaa kama konokono. Papa Ngoy alikaa siku mbili akihesabu programu ya zamani inafanya nini wakati hakuna anayebonyeza. Jibu: inauliza. Kuna herufi? Hapana. Kuna herufi? Hapana. Maelfu ya mara kwa sekunde, kama mutoto mwenye njaa. Katika mashini ya zamani haikudhuru mutu, maana hakukuwa na mwingine anayesubiri. Sasa ilikuwa inakula kichwa kizima kwa kuuliza tu. Hatukuweza kuibadilisha, basi Papa Ngoy alibadilisha dunia inayoizunguka: ikiuliza mara nyingi ikikosa, kiini kinaiweka pembeni kidogo na kumupa mwingine zamu. Mutajaribiwa kuipunguza ile hesabu ya mara ngapi. Musiiguse. Niliigusa mwaka wa kwanza, na wavuvi walibonyeza jina wakaenda kunywa chai kabla herufi ya kwanza haijatokea.

Kesi ya pili ilinifundisha kufuli. Vichwa viwili vikiandika orodha moja kwa wakati mumoja, orodha inaharibika: kila kimoja kinasoma hesabu ile ile, kinaongeza moja, kinaandika, na mutumbwi mumoja unapotea bila kuzama. Kwa hiyo kila kintu cha ushirika kina kufuli. Si la chuma. Ni namba moja tu katika kumbukumbu: sifuri, mulango wazi, moja, kuna mutu ndani. Anayekuta moja anazunguka hapo mulangoni akiuliza umemaliza, umemaliza. Basi siku moja mashini ya kujifanya ya bandari ilishika kufuli la orodha, na pale pale kiini kikaona zamu yake imeisha, kikaitoa. Ikaondoka na kufuli mukononi. Ni kama mutu afunge choo cha soko kisha aitwe mjini Mansa na ufunguo mufukoni. Ba Mulenga alisubiri, wavuvi wakasubiri, mimi nikacheka mpaka Papa Ngoy aliponiuliza ni nini cha kuchekesha. Aliandika kanuni: mwenye kushika kufuli la orodha asitolewe zamu mpaka aachie. Mistari kumi na moja. Alinifanya niiandike mara tatu kwa mukono, kwenye karatasi, bila mashini.

Alikuwa mwalimu wa namna hiyo. Hakusifu. Ukifanya muzuri alisema “Bon”, yaani vema kwa Kifaransa, ukifanya vibaya alisema “Bon” vilevile lakini akivua miwani.

Mwaka wa tatu aliniachia kurasa za ekra, yaani sehemu ya kiini inayoandika herufi pa ekra ya ofisini. Zile za waya wa bandari alibaki nazo yeye. Na hapa ninafika ku kosa langu, ambalo ningependa kulizunguka lakini ziwa liko upande mumoja na tanuri upande mwingine.

Nilitaka kumuchekesha Ba Mulenga. Ni mama mwenye heshima, hacheki ovyo, na mutu wa namna hiyo ni kama kilima: unakiona, unataka kukipanda. Nikaweka ndani ya kiini mistari michache. Jina la mutumbwi likiandikwa ku bandari, kwa kutoka au kwa kurudi, chini ya ekra ya ofisini kulitokea maneno: “Samaki wa” fulani, yaani jina la mutumbwi, “wanakusalimia, Ba Mulenga.” Programu ya zamani haikujua lolote, kwa sababu maneno yalitoka nje ya dunia yake. Utamu ulikuwa hapo. Ba Mulenga aliona mara ya kwanza, akaniangalia, akaniita kwa jina na kwa neno letu la heshima, “Chola, mukwai, mashini hii ina adabu kukupita.” Akaanza kuwajibu samaki kwa sauti ndogo. Sikumwambia Papa Ngoy. Nilifikiri ni mistari michache.

Siku tatu baadaye, Jumamosi, mashini iliganda. Ekra zote mbili, herufi zimesimama, kibodi kimya. Tuliizima, tukaiwasha, ikaendelea. Jumamosi iliyofuata ikaganda tena, na ya tatu pia, na hiyo ya tatu kulikuwa na upepo na boti ya Kilwa ilikuwa ku maji, na mashini ilichelewa saa nzima kuamka, hatukuweza kusema ina watu wangapi. Walifika wazima, wamelowa, wanatukana. Lakini Ba Chairman wa kamati ya wavuvi alikuwa amesimama pale bandari saa nzima akiulizwa na wake zao, na hakuwa na jibu.

Alikuja ofisini bila kukaa.

“Papa Ngoy, tulikupokea muzuri.”

“Ndiyo, Ba Chairman.”

“Kamati inakutana Ijumaa. Kama hauna maelezo, mashini inapanda gari kwenda Mansa, sisi tunarudia kitabu. Na kazi ya fundi inaisha.”

“Minasikia.”

“Si chuki, mukwai.”

“Minajua.”

Mujue hali ya Papa Ngoy. Alikuwa na muke na watoto wanne katika vyumba viwili vya kupanga hapa Nchelenge. Ng'ambo kulikuwa na vita, na nyumba yake ya kule ilikuwa na watu wengine ndani, wenye bunduki. Karatasi yake ya kukaa upande huu ilisema yeye ni fundi wa mashini ya wavuvi. Bila mashini, karatasi ilikuwa karatasi.

Wiki hiyo sikuenda shule vizuri na hakuna aliyeshangaa. Tulichapa kiini chote kwenye karatasi ndefu ile yenye matundu pembeni, tukaitandaza chini, tukaikandamiza kwa mawe ya nyavu kwa sababu ya upepo wa mulango. Papa Ngoy alitembea juu yake bila viatu, biki mudomoni, akisoma. Macho yalikuwa mekundu kama ya muvuvi. Siku ya pili nilimwambia nitamusaidia.

“Soma za waya pamoja na miye,” akasema. “Za ekra uliandika weye, unajua yako. Sitazisoma.”

Nilizisoma za ekra mwenyewe, peke yangu, mara nne. Pamoja na mistari yangu ya samaki. Naapa sikuona kosa, na hapo ndipo ninyi mushike sikio: kila mustari peke yake ulikuwa sawa. Kufuli lilifungwa, kufuli lilifunguliwa. Kosa la namna hii halikai ndani ya mustari.

Alhamisi asubuhi Papa Ngoy aliandika barua. Ilisema hajapata sababu, na kwamba kosa lolote ni lake, fundi. Aliiacha pa meza, akanituma bandari kuangalia kama waya haujakatwa na panya.

Ku bandari niliwakuta wanaume wawili, mashemeji, wanaangaliana kwa hasira. Mumoja alikaa ndani ya mutumbwi, kafi magotini. Mwingine alisimama muchangani na wavu begani. Pale kwetu mwenye nyavu ni mutu mumoja na mwenye mitumbwi ni mwingine, na muvuvi asiye na kintu anaazima kote kuwili. Mama Feza, mwenye nyavu, mama wa ng'ambo aliyezoea kugombeza watu kabla ya chai, akashuka.

“Muko nangojana tangu lini?”

“Tangu jua kutoka, Mama,” akasema wa mutumbwi. “Iko na wavu, anakatala kunipa.”

“Yeye iko na mutumbwi, anakatala kutoka,” akasema wa wavu. “Miye nilifika kwanza.”

“Na miye nilifika.”

“Nani alikupa wavu na hauna kafi mu mukono?”

“Mutoto yako, Mama.”

“Mutoto yangu ni mujinga, na weye uko na ndevu. Hapa kila mutu anajua: kafi mbele, wavu nyuma. Ukikosa kafi, usikuye hata kuniamkia. Mungekuwa mulifwata ile, sasa mumoja angekuwa ku mazi na mwingine angekuwa ku nyumba analala. Sasa muko wawili, na samaki banawacheka.”

Alimunyang'anya wavu begani, akamutupia yule mwenye kafi, na mutumbwi ukatoka. Kazi ya dakika moja.

Mimi nilibaki na waya mukononi. Kanuni ya Mama Feza kila mutoto wa bandari anaijua. Mimi mwenyewe nilipigwa kofi kwa ajili yake nikiwa na miaka saba. Haikuwahi kunijia kwamba inamuhusu mutu anayekaa kwenye kiti. Papa Ngoy, herufi ikifika kutoka bandari, anashika kufuli la waya kwanza, halafu la ekra ili aandike. Mistari yangu ya samaki ilianza kwa kushika ekra, ili nihakikishe mahali pa chini pako wazi, kisha ikaomba waya, ili ipate jina la mutumbwi. Yeye kafi mbele, mimi wavu mbele. Mitumbwi ikiwa michache hatukukutana. Jumamosi, siku ya soko, mitumbwi inaingia kwa kufuatana, kichwa kimoja kimeshika waya kinangoja ekra, kingine kimeshika ekra kinangoja waya, na hakuna Mama Feza ndani ya kiini.

Kutoka bandari mpaka ofisini ni mwendo mufupi. Niliurefusha. Nilifikiri hivi: ninaweza kufuta mistari, nisiseme. Jumamosi haitaganda. Lakini kamati inakutana Ijumaa, na Ijumaa kitakachosomwa ni barua.

Papa Ngoy alikuwa amekaa chini juu ya karatasi.

“Waya uko muzima?”

“Muzima, Papa. Ni mimi.”

“Nini njo weye?”

Nilimwambia. Nilimuonyesha ukurasa. Alivua miwani, akachora mustari kutoka waya kwenda ekra, na mwingine kutoka ekra kwenda waya, na pale ilipokatana akaweka nukta.

“Unajua tangu lini?”

“Tangu nusu saa.”

“Bandari ni dakika tano.”

“Nilitembea polepole.”

Aliweka kidole pa ile nukta. Halafu akauliza, “Ungeweza kufuta, hata singejua.”

“Ndiyo.”

“Mbona haukufuta?”

“Barua yako iko pa meza, Papa.”

“Bon,” akasema, na miwani ilikuwa bado mukononi, kwa hiyo nilijua ni bon ya namna gani.

Nilishika kalamu nifute. Akanizuia. “Usifute. Ukifuta ikaacha kuganda, tutasema labda njo ile, labda upepo. Panga vizuri, acha maneno yabakie, tuone.” Nilisogeza mistari mitatu: waya kwanza, ekra nyuma. Mistari mitatu, baada ya wiki tatu na karatasi ya kutosha kufunga samaki wa mwaka.

Ijumaa niliingia mbele ya kamati na sare ya shule, nikaeleza. Ba Chairman alisikiliza mpaka mwisho.

“Samaki wanasalimia,” akasema.

“Ndiyo, Ba Chairman.”

“Watu walikuwa ku maji.”

“Ndiyo, Ba Chairman.”

Hakuna aliyecheka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutaka mutu acheke. Walinitoa nje, wakaniita tena. Uamuzi: mashini inapewa Jumamosi moja. Ikiganda, Mansa, na fundi wake amekwisha. Isipoganda, fundi anabaki. Mimi ninaondoka, igande isigande, baada ya kumaliza Jumamosi hiyo. Sikubishana. Ningekuwa kamati ningefanya hivyo hivyo, labda na fimbo juu.

Upepo ulikuwa umewazuia watu tangu Alhamisi mchana, basi Jumamosi walitoka wote. Ba Chairman alisimama nyuma ya kiti cha Ba Mulenga, mikono mugongoni, tangu saa moja. Papa Ngoy alikaa ukutani. Mimi nilikaa kwenye ekra ya bandari asubuhi, kisha tukabadilishana na karani wa pale, nikarudi ofisini. Saa nne mitumbwi ilianza kuingia miwili miwili. Kila jina likiandikwa, samaki walisalimia. Ba Mulenga hakuwajibu. Ba Chairman alisoma kila salamu, mudomo umefungwa. Ilifika saa ambayo mashini iliganda wiki zote tatu, na watu wanne tukawa tunaangalia kamstari kadogo kanakowakawaka pa ekra kama tunaangalia kifua cha mugonjwa. Kakaendelea kuwaka. Saa sita. Saa nane. Orodha ilipungua mpaka kubaki boti moja ya Kilwa, na saa tisa na nusu nayo ikafika, watu kumi na wanane, nikaifuta mwenyewe. Orodha tupu.

Niligeuka kumwambia Papa Ngoy. Alikuwa amelala. Kichwa ukutani, mudomo wazi, miwani imeshuka kifuani, miguu imenyooka juu ya karatasi za kiini. Nadhani ulikuwa usingizi wake wa kwanza wa maana tangu Jumatatu. Ba Mulenga alifungua chitenge chake cha juu, akamufunika magoti.

Ba Chairman alichukua barua pa meza, akaikunja, akaitia mufukoni. Aliongea kwa sauti ya chini, mutu ambaye sikujua kwamba ana sauti ya chini.

“Akiamka umwambie. Jumatatu, saa mbili, kazini kama kawaida.”

“Sitakuwapo, Ba Chairman. Nimemaliza.”

Alionyesha ekra kwa kidevu. “Basi andika.”

Nilivuta kibodi. Niliandika kwa herufi kubwa katikati ya ekra, JUMATATU SAA MBILI, nikaigeuza ekra imuelekee, na nikatoka polepole ili mulango usimuamushe.